Toa Upepo, Ngoja Maji Yapwe

Kwenye rasi ya Inskip, jimbo la Queensland nchini Australia, lami inakomea kwenye mivinje. Ni jamaa ya mivinje inayovuma kwenye fukwe za Afrika Mashariki, na chini yake watu hupiga mahema, hukaanga samaki, na kukaa wakitazama burudani ya bure. Burudani yenyewe ni magari. Kutoka ukingo wa lami hadi penye pantoni kuna kipande kifupi cha mchanga mkavu, uliotifuliwa na magurudumu kutwa nzima. Gati hakuna. Pantoni inakuja, inalaza mlango wake wa chuma ufukweni, na kila gari linapanda kwa nguvu zake. Basi anafika dereva mgeni na gari jipya la dizeli, magurudumu yote manne yakivuta, injini ya kung'oa mbuyu. Anaingia mchangani. Hajafika mbali, gari linaanza kuwa zito; anakanyaga mafuta; magurudumu yanachimba, na gari linaketi kwa tumbo kama kuku aliyeatamia mayai. Kisiwa alichokuja kukiona kiko pale ng'ambo, anakiona kwa macho.

Nyuma yake linakuja gari kuukuu, limepakiwa hadi limeinama, lina injini ndogo. Linapita polepole, bila kelele, linapanda pantoni.

Dereva wa pili hana siri kubwa. Alisimama chini ya mivinje kwa dakika kumi, akachuchumaa mbele ya kila tairi, akatoa upepo. Pia, kabla hajaondoka nyumbani, alitazama saa ya maji kupwa. Mengine yote katika kuendesha gari ufukweni yanafuata nyuma ya mambo hayo mawili, na mtu anayeyashika anaweza kujifunza yaliyobaki kwa siku moja.

Kisiwa cha ng'ambo kinaitwa K'gari, na msomaji wa Kiswahili ana haki ya kutabasamu: herufi K haitamkwi, hivyo kinachosikika kinakaribia sana neno "gari". Ni jina la kale la Wabutchulla, wenyeji wa kisiwa hicho, ambao katika simulizi zao K'gari ni roho wa kike aliyependezwa na mahali hapo hata akaomba abaki. Wazungu walikiita Fraser, baada ya nahodha James Fraser na mkewe Eliza kupatwa na ajali ya meli katika maji ya upande huo mwaka 1836. UNESCO iliandika kisiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1992, na mwaka 2023 serikali ya Queensland ikarejesha rasmi jina la K'gari. Hakuna kisiwa kingine cha mchanga kikubwa kama hiki duniani. Urefu wake unapita kilomita 120, na ndani yake kuna maziwa ya maji baridi na msitu mnene wa mvua uliojiotea juu ya mchanga mtupu.

Kwa dereva, jambo kubwa ni ufukwe wa mashariki, unaoitwa Seventy-Five Mile Beach. Kisheria ni barabara kama barabara nyingine. Mwendo wa juu ni kilomita 80 kwa saa, na penye watu wengi ni chini ya hapo. Magari hukaa kushoto, mikanda hufungwa, indiketa huwashwa, na polisi huja na kifaa cha kupima ulevi na kamera ya kupima mwendo. Kila gari lazima liwe na kibali cha kulipiwa. Kuna sheria moja ambayo haipo barabara ya Morogoro wala ya Thika: ndege ndogo za watalii hutua na kuruka kwenye mchanga huohuo, na gari hulazimika kuzipisha.

Ufukwe huu unamfaa anayejifunza kwa sababu ni mpana, alama zipo, na watu wa kumvuta mtu hawakosekani. Lakini si mpole.

*

Mchanga hubeba gari kwa masharti. Punje ndogo ndogo za mchanga mkavu hazishikani. Ukizikanyaga zinakimbilia pembeni. Mchanga ukipata maji kidogo, utando mwembamba wa maji hukaa kati ya punje na punje na kuzivuta pamoja, nao unakuwa imara. Ukipata maji mengi kupita kiasi, punje zinaelea na kila kitu kinakuwa uji. Mtoto anayejenga nyumba ya mchanga pale Coco Beach au Nyali anajua hili kwa vidole vyake. Wanafizikia nao wamelipima: mwaka 2012 kundi la watafiti lilionyesha kwamba maji ya kiasi cha asilimia 1 tu ya ujazo yanatosha kuupa mchanga uimara wake wa juu kabisa. Miaka miwili baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Amsterdam wakaona kwamba mchanga uliolowa kwa kipimo sahihi hupunguza kwa nusu hivi nguvu inayohitajika kuburuta mzigo juu yake. Wamisri walikuwa wamekwisha kufahamu. Katika kaburi la Djehutihotep, lililochorwa miaka karibu 3,900 iliyopita, kuna picha ya sanamu kubwa ikiburutwa juu ya sileji, na mtu amesimama mbele yake akimwaga maji.

Basi ufukwe wowote una njia tatu zinazokwenda sambamba. Juu, karibu na vichuguu vya mchanga na majani, kuna mchanga mkavu unaomeza magurudumu. Chini kabisa, mawimbi yanapovunjikia, kuna mchanga ulioshiba maji, nao humeza vilevile, tena na chumvi juu yake. Katikati, pale ambapo maji yameondoka muda mfupi uliopita, pana ukanda mgumu, wa rangi iliyoiva, ambao gari linaweza kupita bila kuacha zaidi ya alama za kashata za tairi. Huo ndio barabara. Huwa mpana maji yakipwa, na hutoweka kabisa yakijaa.

Hata kwenye ukanda huo, na zaidi sana kwenye vipande vikavu ambavyo lazima avivuke ili kuufikia, dereva anapaswa kufanya jambo ambalo kila fundi wa pancha angemkataza.

Hesabu yake ni rahisi. Gari lililopakiwa, lenye uzito wa kilo 2,400, huweka kilo 600 hivi juu ya kila tairi. Tairi likiwa na upepo wa pauni 36, kiasi cha kawaida cha barabarani, sehemu inayogusa ardhi ni sentimita za mraba 240 hivi, zaidi kidogo ya theluthi ya karatasi ya A4. Punguza upepo hadi 18, na sehemu hiyo inakuwa mara mbili, karibu robo tatu ya karatasi. Uzito ni uleule, ila sasa umelala juu ya eneo kubwa zaidi. Wengi hudhani tairi linatanuka kwa upana. Kwa kweli hurefuka, likawa kama unyayo mrefu, na badala ya kuusukuma mchanga mbele yake kama ukuta linaupanda. Ngamia amepewa mguu wa namna hiyo tangu kuzaliwa, laini na unaotanuka anapoukanyagia. Gari lina tairi, na tairi lina vali.

Aliyeifanya hekima hii kuwa kanuni alikuwa Ralph Bagnold, ofisa wa jeshi la Uingereza aliyepelekwa Misri katika miaka ya 1920. Likizo yake aliitumia jangwani na marafiki, katika magari ya Ford yasiyokuwa na mvuto wa magurudumu manne, akienda mahali ambapo wenye akili timamu walisema gari haliwezi kufika. Alitoa upepo kwenye matairi. Alibeba mabamba marefu ya chuma, akiyalaza mbele ya magurudumu yaliyozama. Mwaka 1940, vita ilipofika Misri, ujuzi huo ulikuwa msingi wa kikosi alichokianzisha, Long Range Desert Group, ambacho askari wake wa mwanzo wengi walitoka New Zealand. Mwaka uliofuata kikatoka kitabu chake kuhusu fizikia ya mchanga unaopeperushwa na upepo, na hadi leo wachunguzi wa vichuguu vya mchanga, pamoja na vya sayari ya Mars, wanakitegemea. Zile mbao za plastiki zenye meno, za rangi kali, ambazo leo hufungwa juu ya magari ya safari, ni wajukuu wa mabamba yale ya chuma.

Oman, ambako Kiswahili bado kinasemwa katika nyumba nyingi, jambo hili halihitaji kitabu. Kwenye ukingo wa mchanga wa Sharqiya, karibu na Bidiyah, kuna maduka ya matairi ambayo kazi yao ni kutoa upepo kwa wanaoingia jangwani na kuurudisha kwa wanaotoka.

Je, dereva atoe upepo kiasi gani? Wenye uzoefu hubishana usiku kucha juu ya swali hili, lakini kwa anayeanza pauni 18 hadi 20 zinatosha kwa gari la kawaida la magurudumu manne. Lenye mzigo mzito sana libaki juu kidogo. Mchanga ukiwa mwororo mno, 15 au 16. Chini ya 12 tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu dereva akikata kona, na kulirudisha ufukweni si kazi ya kumtakia mtu. Kitu kimoja hakina ubishi: apime kwa geji. Tairi linalotazamwa kwa jicho hudanganya, hasa likiwa limetoka kwenye lami likiwa na moto.

*

Maji sasa. Hapa mtu wa Pwani ana faida kubwa kuliko Mwaustralia wa bara, maana lugha yake imemfundisha kabla ya shule. Anajua kwamba bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kwamba kati ya kujaa na kupwa ni saa sita na dakika chache, na kwamba kila siku saa husogea mbele kwa dakika hamsini hivi. Anajua bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji yanapopwa mbali na kujaa juu. Na anajua maji mafu ya katikati. Bahari ya Zanzibar wakati wa bamvua hupanda na kushuka kwa karibu mita 4. Ya K'gari ni kama nusu ya hapo, na wageni wengi wanaposikia "mita mbili tu" huona ni kidogo.

Wanasahau kwamba ufukwe umelala. Pale ambapo mchanga unainuka mita 1 kwa kila mita 50 za upana, maji yakipanda mita 1 yanasogea mita 50 kuelekea nchi kavu. Tena hayapandi kwa mwendo mmoja. Mabaharia wana kanuni ya kugawa maji katika mafungu kumi na mawili: saa ya kwanza baada ya maji kupwa kabisa hupanda fungu moja, saa ya pili mawili, saa ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Maana yake, nusu nzima ya maji huingia katika saa mbili za katikati. Aliyekwama saa moja baada ya maji kuanza kujaa hutazama nyuma, akaona bahari iko palepale, akapumzika kidogo, akapiga picha. Baadaye kidogo, wimbi la kwanza linampitia kwenye viatu.

Kwa hiyo agizo la wasimamizi wa hifadhi ya K'gari ni kusafiri nyakati za maji kupwa, na kuukwepa ufukwe saa mbili kabla ya maji kujaa kabisa na saa mbili baada ya hapo. Mwanafunzi mzuri huanza safari maji yakiwa bado yanashuka. Akikwama wakati huo, kila dakika inayopita inampa nafasi zaidi. Akikwama maji yakipanda, kila dakika inamnyang'anya. Hata hivyo jedwali la maji halijui habari za upepo wa baharini na mawimbi makubwa. Siku zenye hali mbaya bahari hufika juu kuliko ilivyoandikwa, na ukanda mgumu hauonekani hata saa ile ya kupwa.

Upande wa bara, jirani na mji wa Rainbow Beach, kuna miamba inayoitwa Mudlo. Ufukwe hapo ni mwembamba, na mawe yanajitokeza au kufunikwa kutegemea mchanga uliosombwa wiki hiyo. Hapo bahari imekula magari ya kutosha, mengi yakiwa ya watu waliosema wataiwahi. Gari lililopigwa na mawimbi ya chumvi kwa saa chache halitengenezeki kwa faida, na bima nyingi zina sentensi fupi kuhusu maji ya bahari ambayo mwenye gari huisoma mara ya kwanza siku hiyo.

Kitu kikubwa zaidi kuliko gari pia kimebaki katika mchanga huu. Mwaka 1935 meli ya Maheno, iliyoundwa Scotland mwaka 1905 na kutumika kama meli ya hospitali katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ilikuwa ikivutwa kwenda Japani kuuzwa chuma chakavu. Tufani ikakata kamba. Meli ikapanda ufukwe wa mashariki wa K'gari, na mbavu zake zenye kutu zipo hadi leo, karibu katikati ya barabara. Madereva huzizunguka.

*

Upepo umetoka, maji yanashuka. Sasa kuendesha kwenyewe.

Gia ya magurudumu manne huwekwa kabla ya kuingia mchangani. Aliyengoja mpaka azame amechelewa. Penye mchanga mgumu gia za kawaida zinatosha. Penye mchanga mwororo na mwinuko, gia nzito inampa injini nafasi ya kuvuta bila kuhema. Magari mapya yana mfumo wa kompyuta unaokata nguvu ya injini unapohisi gurudumu linateleza, jambo jema kwenye lami yenye mvua. Mchangani mfumo huo mara nyingi humnyima dereva nguvu katikati ya kilima, na ndiyo maana wengi huuzima au huchagua hali maalumu ya mchanga kama gari linayo.

Kuondoka ni kwa upole. Mguu ukishuka kwa ghafla, gurudumu linazunguka kabla gari halijasogea, na mzunguko mmoja mtupu unatosha kuchimba shimo. Gari likishika mwendo, lisipunguziwe bila sababu: mwendo wa wastani usiobadilika ndio unaolivusha vipande vyororo. Mkono kwenye usukani uwe mwepesi. Gurudumu la mbele lililogeuzwa sana linageuka kuwa breki, linasukuma mchanga kwa ubavu. Kona huwa pana. Mifuo ya magari yaliyotangulia ni rafiki, kwa kuwa mchanga wake umekwisha kushindiliwa, na usukani huachiwa utafute njia yenyewe ndani ya mfuo.

Breki, kwa kadiri inavyowezekana, iachwe. Gari likifunga breki mchangani hujijengea vilima vidogo mbele ya kila tairi, na kuondoka tena ni kuvipanda vyote vinne kwa pamoja. Anayetaka kusimama aondoe mguu kwenye mafuta, gari litasimama lenyewe mapema kuliko anavyodhani. Na achague pa kusimama: pagumu, ikiwezekana pua ya gari ikielekea kwenye mteremko mdogo, ili uzito wake wenyewe umsaidie kuondoka.

Hatari inayoua, tofauti na ile inayoaibisha, hutokea pale mchanga unapokuwa mzuri. Ukanda mgumu wa K'gari ni laini kama sakafu, gari linafika 80, redio inaimba, na dereva anasahau alipo. Lakini vijito vya maji baridi hukata ufukwe kuelekea baharini. Eli Creek, kijito kikubwa kuliko vyote upande huo, kinaweza kumwaga hadi lita milioni 4 kwa saa. Usiku mmoja wa mvua unaweza kuchimba ukingo wima wa nusu mita mahali palipokuwa tambarare jana, na kwa mbali, jua likiwa juu, ukingo huo hauonekani, hakuna kivuli. Gari linaruka, linatua kwa pua, linapinduka. Magari marefu yenye mzigo juu ya paa hupinduka upesi zaidi, hata pale dereva anapokata tu kona kali kukwepa wimbi. Baada ya vifo vya watalii vijana katika magari ya kukodi, masharti ya magari hayo yalikazwa, mzigo wa juu ya paa na idadi ya abiria vikiwa miongoni mwake. Kwa maoni ya mwandishi, mgeni angefanya vyema kujipa kikomo chake mwenyewe cha 50 au 60. Mandhari ni yaleyale, na mtaro unaonekana mapema.

Kijito hakivukwi kabla ya kutazamwa. Dereva hushuka, hutembea kwa miguu, hupima kina, kisha hupita taratibu. Anayekivuka kwa mbio ili maji yaruke kwa ajili ya picha anajimwagia maji kwenye uvungu wa gari na nyaya zake.

*

Siku moja dereva atakwama. Hata roboti wa Marekani aitwaye Spirit, mwenye magurudumu sita na wahandisi wengi wa kumwongoza, alinasa katika mchanga wa Mars mwaka 2009, na miezi ya majaribio haikumtoa. Mwaka uliofuata mawasiliano naye yakakatika. Spirit hakuwa na mtu wa kushuka na beleshi.

Kosa la mwanzo ni lile la dereva wa Inskip: kuongeza mafuta. Gari likianza kuzembea na magurudumu kuzunguka bure, mguu uondoke mara moja, wakati matairi yamezama vidole vichache tu. Mara nyingi hapo inatosha kurudi nyuma polepole katika mifuo yako mwenyewe, kisha kujaribu tena kwa mwendo ulio sawa. Yasipokubali, ni kushuka. Mchanga uondolewe mbele ya kila gurudumu, na pia chini ya tumbo la gari kama limeketi, maana gari linaloegemea tumbo lake haliendeshwi na magurudumu. Upepo upunguzwe tena, hadi 15, ikibidi hadi 12. Mbao za kujikwamulia zisukumwe vizuri chini ya tairi, si kuwekwa mbele yake kwa matumaini. Kisha mguu mwepesi. Dakika ishirini za jasho kwa kawaida zinalitoa gari bila kamba ya mtu yeyote.

Kamba ndiyo sehemu ya kuogopwa. Gari jingine linapokuja kuvuta, kamba hufungwa kwenye ndoano zilizoshikizwa kwenye chesisi kwa ajili hiyo. Kile kichwa cha chuma cha mviringo cha kufungia tela si mahali pa kufungia kamba ya kukwamulia. Kikikatika chini ya mvuto mkubwa huruka kama risasi, na Australia imekwisha kuzika watu kwa sababu hiyo. Watazamaji wote wakae mbali, mbali kuliko urefu wa kamba, na wasiwe kwenye mstari wake. Anayesaidia kwa kusukuma asisimame nyuma ya gurudumu.

Yupo pia asiyeonekana kwa dereva. Kaa wa ufukweni huchimba mashimo mchana na kutoka usiku kula, na watafiti wa fukwe za Australia wamekuta wachache zaidi pale magari yanapopita kwa wingi. Usafiri wa usiku ndio unaowaponda zaidi. Ndege wa pwani hutaga juu ya mstari wa maji kujaa, mayai ya rangi ya mchanga, na kasa hupanda usiku wakati wa msimu wao. Hii ndiyo sababu ya kukaa kwenye ukanda wa katikati na kuviacha vichuguu vyenye majani, ambavyo magurudumu ya mchana mmoja huvibomoa na mizizi huchukua miaka kuvishika tena. Kwenye K'gari wapo mbwa mwitu pia, wanaoitwa wongari na Wabutchulla. Chakula kisiachwe nje ya gari.

Safari inamalizika ilipoanzia, chini ya mivinje ya Inskip, na watu walewale wakitazama. Shimo lolote lililochimbwa ufukweni limefukiwa, kwa sababu gari linalofuata litalikuta kwa mwendo wa 80. Sasa matairi yanarudishiwa upepo, kazi ya nusu saa kwa kompresa ndogo inayochomekwa kwenye betri ya gari. Wengi huchoka hapa na kuondoka hivyohivyo. Tairi lenye pauni 18 kwenye lami, gari likiwa na mzigo na mwendo wa kilomita 100 kwa saa, hujikunja ubavu kila linapozunguka, hupata moto, na huweza kupasuka. Ikiwa kompresa huna, nenda na 40, taa za tahadhari zikiwaka, hadi Rainbow Beach, mwendo wa kilomita kumi na kitu, ambako kuna pampu. Oshea uvungu huko huko, kwa maji baridi, siku hiyohiyo.